Motokari ya zamani ya Waingereza: bei iko katika namba, haiko katika rangi

Mara kwa mara mtu wa Lubumbashi anaonyeshwa picha kwenye simu: motokari ya Waingereza ya miaka ya 1960, pua ndefu, milango miwili, magurudumu ya rayo yanang'aa, na chini yake maneno mafupi: imetengenezwa upya, inauzwa. Muuzaji anaweza kuwa Johannesburg, London ao Dubai. Kwa upande mwingine, ziko familia zenye motokari ya zamani iliyolala nyuma ya nyumba tangu wakati wa baba ao babu, na mnunuzi wa mitraye anapita mbele ya mlango na mizani yake. Hawa wote wako na swali moja: hii gari inastahili franga ngapi kweli? Rangi haiwezi kuwajibu. Jibu liko katika namba zilizopigwa kwenye chuma na katika karatasi zinazofuatana na zile namba.

Motokari za namna hii zinaitwa GT, kutoka maneno ya Kiitaliano gran turismo, ni kusema safari kubwa. Ni gari ya watu wawili, pengine na watoto nyuma, yenye nguvu ya kukimbia mbali bila kuchokesha mwenye kuiendesha, na yenye nafasi ya valizi. Mfano wake mzuri ulionekana Machi 1961, wakati Elisabethville (Lubumbashi ya leo) ilikuwa mji mkuu wa Katanga iliyojitenga. Kampuni ya Jaguar ilikuwa inaonyesha gari yake mpya, E-Type, kule Geneva, Uswisi. Watu waliotaka kuijaribu walikuwa wengi kuliko gari iliyokuwepo. Basi mkubwa wa kampuni, William Lyons, akaagiza ya pili iletwe mara moja. Fundi wa majaribio, Norman Dewis, akatoka Coventry, Uingereza, akaendesha usiku kucha, na asubuhi akafika. Safari ile njo maana ya GT.

E-Type ilichorwa na Malcolm Sayer, mtu aliyejua mambo ya upepo na ndege. Motere ya kwanza ilikuwa ya silinda sita, lita 3,8, na kampuni ilitangaza nguvu ya farasi 265 na mwendo wa karibu kilometa 240 kwa saa. Uingereza iliuzwa karibu pauni 2.100, bei ndogo sana mbele ya Ferrari za wakati ule. Mwisho wa 1964 motere ikapandishwa mpaka lita 4,2, na giabokisi ikakuwa rahisi zaidi. Kitu kimoja kitachekesha watu wa Katanga: radiatere ya kwanza ilikuwa ya aluminiyumu, lakini kwa ile ya lita 4,2 Jaguar walirudia shaba, mukuba wenyewe. Tangu 1971 mpaka 1974 ikatoka ya silinda 12. Kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya 72.000.

Hiyo hesabu ni ya lazima, juu bei inafuata uhaba. Aston Martin DB5 ya 1963 mpaka 1965 ilitengenezwa karibu elfu moja tu, na filamu ya James Bond ya 1964 iliifanya ijulikane dunia nzima. Moja iliyotengenezwa kwa kutangaza filamu za Bond iliuzwa Marekani katika 2019 kwa dola milioni 6,385. Ni bei ya sinema, isichanganyishwe na bei ya gari. E-Type za kawaida zinaanzia makumi ya maelfu ya dola na zile nzuri zinapita 100.000. Chini yao iko Jensen Interceptor ya 1966 mpaka 1976, gari ya Uingereza yenye motere ya Chrysler ya Marekani, kwa hiyo piyese za motere si taabu kubwa. Chini kabisa iko MGB GT, iliyoanza 1965, lita 1,8, inayopatikana mara nyingi chini ya dola 20.000. Mtu anayetaka kuonja hizi gari bila kuuza parseli ya familia angeanzia pale.

Sasa namba. Kila E-Type iko na namba ya shasi, ya motere, ya giabokisi na ya bodi, zote zimeandikwa kwenye kibati kimoja ndani ya boneti. Namba ya kibati ni lazima iwe sawa na ile iliyopigwa kwenye chuma chenyewe: ya shasi kwenye fremu ya mbele, ya motere kwenye bloki. Kibati kinafungwa na vidude vidogo tu. Mtu anaweza kukitoa gari moja na kukibandika kwingine. Kisha kunaulizwa cheti cha Jaguar Daimler Heritage Trust, shirika linalochunga vitabu vya kiwanda. Cheti kinasema namba za kwanza, rangi ya kwanza, tarehe ya kutoka kiwandani na muuzaji aliyetumiwa ile gari. Kwa MG kazi hiyo inafanywa na makumbusho ya magari ya Uingereza, kule Gaydon. Gari yenye motere yake ya kuzaliwa inauzwa bei ya juu; yenye motere ya mwenzake inashuka, hata kama inanguruma vizuri.

Zile namba zinaonyesha kitu kingine kinachogusa Kongo moja kwa moja: volani ilizaliwa upande gani. Kwetu watu wanatembea kuume, na volani inafaa kuwa kushoto. Zambia, mara tu kisha Kasumbalesa, ni kinyume. Lubumbashi imejaa gari za volani ya kuume zilizopanda kutoka kusini, na viongozi wamezikataza zaidi ya mara moja, bila kufaulu kuzimaliza. Kuongeza moja tena, ya bei kali, ni kujitafutia maneno na polisi ya barabarani.

Kwa E-Type za lita 3,8, namba zinazoanzia 850001 ni gari wazi za volani ya kuume, na 860001 ni zenye paa za kuume. Zinazoanzia 875001 ni gari wazi za kushoto, na 885001 ni zenye paa za kushoto. Kwa Aston Martin DB5 ni rahisi zaidi: namba inaishia na L kwa kushoto ao R kwa kuume. Kwa MGB GT, herufi L kisha GHD3 inaonyesha kushoto. Hapa watu wengi wanadanganywa. E-Type nyingi ziliuzwa Marekani, za volani ya kushoto. Miaka ya nyuma Waingereza walizirudisha kwao na kuhamisha volani kuume. Mnunuzi wa Lubumbashi anayeona volani ya kuume na namba ya 885 ajue kwamba ile gari ilizaliwa vile Kongo inataka, na kwamba imekatwakatwa kisha. Bei inapaswa kushuka, na kazi ya kuirudisha kushoto ahesabu yeye.

Neno "imetengenezwa upya" lenyewe halina kipimo. Moja imefunguliwa mpaka bulo ya mwisho, ingine imepakwa rangi na kufungwa ngozi mpya juu ya kutu. E-Type haina shasi nzima chini kama Land Cruiser. Katikati ni sanduku la tole, na mbele kuna fremu ya mirija miembamba ya chuma inayobeba motere, imefungwa na bulo. Kutu inapenda sakafu, vizingiti chini ya milango, na pale mikono ya suspansio ya nyuma inaposhikilia bodi. Mirija ya mbele inaoza kutoka ndani, na macho hayaoni. Mafundi wa Kenya ao Kamalondo wanajua kusudere kuliko wengi, lakini hii mirija haikusuderiwa kwa arki: iliunganishwa na shaba ya njano kwa moto wa polepole. Arki inaidhoofisha. Fremu iliyooza inabadilishwa, haitengenezwi. Kwa hiyo muuzaji wa kweli anaonyesha picha za gari ikiwa uchi, mbele ya rangi, pamoja na faktire zenye tarehe na namba ya shasi. Asiye na picha hizo anauza rangi. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa inasaidia: pale isipokamata, chini kuna mastiki.

Je, inaweza kuishi Lubumbashi? Inaweza, ikipewa adabu yake. Mji uko juu, karibu meta 1.200, hewa ni nyepesi, na kaburatere zilizopimwa London zinakunywa esanse kupita kipimo. Fundi azipime upya. Septemba na Oktoba, mbele ya mvua, E-Type ndani ya foleni inapanda moto, na ventilatere ya nguvu ni lazima. Vumbi la kiangazi linataka filtre safi kila mara. Dodani njo adui mkubwa, juu tumbo yake iko karibu na udongo. Barabara ya kuelekea Likasi, kilometa 120, inaifaa, asubuhi mapema, mbele malori ya madini hayajajaa. Kwa MGB, kichwa cha motere ni cha chuma kigumu, na viti vya vali vinaliwa na esanse isiyo na risasi, ile inayouzwa leo kila mahali. Muuzaji aulizwe kama vilibadilishwa.

Tena kuna mpaka. Tangu 2012 serikali iliweka kikomo cha umri kwa magari ya okazyo yanayoingizwa, na gari ya 1964 inakipita mbali sana. Mbele ya kutuma hata dola moja, deklara aulize DGDA kwa maandishi kama inakubaliwa, kwa cheo gani, na duane itahesabiwa juu ya bei gani. Jibu la mdomo pale Kasumbalesa halitoshi. Kuhusu malipo, akompte isitumwe kwa mtu ambaye hakukubali gari ichunguzwe na fundi wa tatu, aliyechaguliwa na mnunuzi, pale pale ilipo. Picha nzuri zinaweza kuwa za gari ya mtu mwingine kabisa.

Inabaki ile gari nyuma ya nyumba. Katanga ilipoteza karatasi nyingi: wenye gari waliondoka 1960 na miaka iliyofuata, kukaja Zairianisasio ya Novemba 1973, kisha uporaji wa 1991. Cheti cha kiwanda kinaweza kusema gari ni ipi. Hakisemi ni ya nani. Hilo linahitaji karatasi ya mauzo, hata ya zamani, ao ushahidi wa familia mbele ya notere, na ni vizuri kazi hiyo ifanyike wakati wazee wanaokumbuka wangali hai. Kwanza kabisa mtu afungue boneti, apanguse vumbi, apige picha ya kibati na ya namba iliyo kwenye bloki, na asikubali kitu chochote kitolewe. Mnunuzi wa mitraye analipa kilo ya aluminiyumu, na kichwa cha motere ya Jaguar ni aluminiyumu safi. Kikiisha kuingia ndani ya moto kinatoka sufuria, na namba yake haipatikani tena.