Shule za Nasari na Wajibu wa Baraza

Shule za nasari vijijini kwetu hazikuanzishwa na baraza. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, wazazi wenyewe walichanga kwa Harambee, wakasimamisha nyumba ya udongo na kumlipa mwalimu kwa ada ya watoto. Mvua ilipokosekana, ada nayo ilikosekana, naye mwalimu akarudi shambani kwake. Mabaraza ya miji na ya wilaya yalisaidia hapa na pale. Mwaka 1980 kazi hii ilitiwa chini ya Wizara ya Elimu, lakini mshahara ulibaki mzigo wa mzazi.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ndiyo iliyokata shauri: elimu ya kabla ya shule ya msingi na vituo vya kulelea watoto ni kazi ya serikali za kaunti. Mabaraza ya zamani yaliondoka mwaka 2013. Tangu hapo yaipasa kaunti kumwandika mwalimu, kumlipa na kujenga darasa.

Kiwanja kilichotolewa kwa neno la mdomo tu ni jambo jingine. Mashahidi wake ni wazee, nao wanapungua. Wanaoijua mipaka na waiandikishe kaunti ingali ikijenga, wasingoje kesi ya wajukuu.