Nakala Ipi ya Pure Data Itadumu?

Anayeisoma historia ya Kilwa hana budi kusoma nakala mbili. Ipo ya Mreno João de Barros, iliyochapwa 1552, na ipo ya Kiarabu, iliyonakiliwa Zanzibar karne ya 19. Orodha zake za masultani hazilingani, na kitabu cha asili hakipo tena. Kwa hiyo sisi wa Kiswere, kusini ya Kilwa, tumezoea kulinganisha matoleo. Mazoea hayo nimeyapeleka kwenye programu ya muziki iitwayo Pure Data, au Pd kwa kifupi.

Mwanzilishi wake ni Mmarekani Miller Puckette. Miaka ya 1980, akiwa taasisi ya IRCAM mjini Paris, alitunga programu ya Max. Humo mwanamuziki haandiki mistari ya amri. Anachora visanduku na kuviunganisha kwa nyaya: kimoja kinazaa sauti, kingine kinaikuza au kuipunguza. Baadaye Max ikawa bidhaa ya kuuzwa. Mwaka 1996 Puckette, akiwa California, akatoa Pd: ya bure, na msimbo wake ni ruksa kwa yeyote kuunakili na kuubadili.

Na watu waliubadili kweli. Hans-Christoph Steiner alisimamia Pd-extended, toleo lililokuja na maktaba nyingi za ziada ndani yake. Ukishaliweka kwenye kompyuta, mengi unayo hata kama intaneti haipo. Wengi walijifunzia hapo. Ila toleo lake la mwisho, 0.43.4, ni la mwaka 2013. Chuoni Virginia Tech, Ivica Ico Bukvic naye alitengeneza Pd-l2ork kwa ajili ya okestra ya kompyuta za mkononi, na kutoka humo ikazaliwa Purr Data ya Jonathan Wilkes, yenye sura mpya.

Shina lenyewe, yaani Pd ya Puckette, limebaki jepesi. Maktaba unazipakua mwenyewe, na kwa mtu wa bando hilo si jambo dogo. Lakini Puckette ameshikilia kanuni moja: kazi ya zamani iendelee kufunguka kwenye toleo jipya. Ukifungua humo kazi iliyotungwa kwa Pd-extended bila maktaba zake, visanduku visivyotambulika vinatokea na mipaka ya nukta nukta. Kisanduku unakiona, sauti hakuna.

Basi, ipi bora? Kwa kujifunza, yenye kila kitu ndani ilikuwa na raha yake. Kwa kazi unayotaka ichezwe baada ya miaka 30, mimi nachagua shina, na nachagua visanduku vichache vya kawaida. Chochote cha ziada kiwekwe kwenye folda moja na kazi yenyewe. Historia ya Kilwa tunayo kwa sababu kuna walionakili. Na anayenakili hawezi kunakili kilichoachwa nje.