Waliotuita Wavivu Walikuwa na Saa Mkononi

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuacha chuo ilikuwa kupokea simu za wateja. Kampuni siitaji. Ilikuwa hapa Nairobi, ghorofa ya nne, na mbele ya kila mmoja wetu kulikuwa na kompyuta yenye namba mbili zisizolala: simu ulizopokea leo, na sekunde ulizotumia kwa kila simu. Ukienda choo kuna kitufe unabonyeza. Choo nacho kilikuwa na sekunde zake.

Sisi wa zamani (na wa zamani pale ni mtu wa miezi mitatu) tulikuwa na makubaliano ambayo hayakuandikwa popote: simu 70 kwa siku, basi. Ukiona unakaribia 70 na bado ni saa tisa, unaanza kuongea polepole, unamuuliza mteja watoto wanaendeleaje. Halafu akaja jamaa mgeni, kijana mpole tu, akapiga 94 siku yake ya pili. Nikamfuata kwenye ngazi nikamwambia, "Buda, punguza." Akaniangalia kama mtu anayetaka kumwibia. Mwezi uliofuata tageti ya kila mtu ikawa 85.

Kisha wakatuletea mtu wa motisha. Jumamosi, bila malipo ya ziada, soda na mandazi, piramidi ya Maslow ukutani. Hiyo piramidi niliikariri mwaka wa pili chuoni, na sikuwahi kuambiwa kwamba Maslow mwenyewe hakuichora katika makala yake ya 1943. Waliichora wengine baadaye. Siku ile nilikaa pale na mandazi mkononi nikajiuliza swali ambalo sikuuliza darasani: nani alikuwa wa kwanza kutaka kujua kwa nini mfanyakazi hajitumi, na alitaka kuifanyia nini hiyo habari?

Twende Philadelphia. Frederick Taylor alizaliwa 1856 katika familia yenye doo. Alifaulu mtihani wa kuingia Harvard lakini hakwenda (mimi na yeye angalau tuna hicho kimoja), akaenda kujifunza kazi ya mashine, na 1878 akaingia kiwanda cha chuma cha Midvale. Alipopandishwa cheo kuwa msimamizi, akaanza vita na watu aliokuwa akifanya nao kazi jana. Alijua wanazuia mikono yao makusudi. Alijua kwa sababu alikuwa mmoja wao.

Na alijua pia kwa nini. Hili ndilo chuoni hulipita mbio. Taylor aliandika wazi kwamba watu wakilipwa kwa idadi ya vitu wanavyotengeneza, wakiongeza bidii na mshahara ukapanda, mwajiri hupunguza malipo ya kila kitu. Mtu akishaona hivyo mara mbili tatu, anapunguza mwendo, na anahakikisha jirani yake naye amepunguza. Huo si uvivu, ni hesabu. Taylor alikubali kwamba hesabu yenyewe ni sahihi. Lakini badala ya kuuliza jinsi ya kumzuia mwajiri, aliuliza jinsi ya kumnyang'anya mfanyakazi ile siri ya kazi huchukua muda gani. Jibu lake lilikuwa saa ya kupimia sekunde.

Mfano aliojivunia zaidi ni wa 1899 huko Bethlehem Steel. Watu walikuwa wakibeba vipande vya chuma vya kama kilo 42 kila kimoja, wanapanda ubao, wanavipakia kwenye mabehewa ya reli. Wastani ulikuwa tani 12 na nusu kwa mtu kwa siku. Taylor akamchukua jamaa mmoja aliyempa jina Schmidt, jina lake halisi Henry Noll, akawekewa mtu wa kumwambia sasa beba, sasa pumzika. Kwa maelezo ya Taylor, Noll akafikisha tani 47 na nusu. Mshahara ukatoka dola 1.15 hadi 1.85 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: mzigo karibu mara nne, pesa zaidi kidogo ya mara moja na nusu.

Taylor aliandika kwamba mtu anayefaa kazi kama hiyo ni mzito wa akili, amfananishe na ng'ombe. Kurasa hizo hizo, katika kitabu chake cha 1911, anatuambia huyo jamaa alikuwa amenunua kiploti, na anajijengea nyumba mwenyewe asubuhi kabla ya kazi na jioni akitoka. Nilisoma hapo mara tatu. Mtu anapanga msingi, anapanga kuta, anapanga pesa ya mbao, halafu kazini anaambiwa hawezi kupanga lini apumzike. Nyumbani yeye ni fundi na ni mdosi wake mwenyewe. Getini anageuka ng'ombe. Swali zima la jinsi kazi inavyopangwa liko kwenye hiyo safari ya kutoka kiploti hadi getini.

Si wote walikubali. Agosti 1911, mafundi wa kuyeyusha chuma katika kiwanda cha silaha cha Watertown, Massachusetts, waliona mtu na saa amesimama nyuma ya mwenzao, wakatoka nje. Mgomo haukuchukua muda mrefu, lakini Taylor aliitwa kujieleza mbele ya kamati ya Congress, na baadaye Congress ikakataza pesa za serikali kulipia upimaji wa saa katika viwanda hivyo.

Henry Ford hakuhitaji hata mtu wa saa, maana mstari wake ulikuwa saa yenyewe. Mwaka 1913 katika kiwanda cha Highland Park, Michigan, gari lilianza kumfuata mfanyakazi badala ya mfanyakazi kulifuata gari, na kuunganisha fremu moja kukashuka kutoka saa 12 hivi hadi kama saa moja na nusu. Watu walifanya nini? Waliondoka. Mwaka huo Ford ilibidi aajiri zaidi ya watu 52,000 ili kubaki na kama 14,000. Fikiria kazi ambayo kila mtu anaikimbia karibu mara nne kwa mwaka.

Januari 1914 akatangaza dola 5 kwa siku ya saa nane. Tunasimuliwa hii kama hadithi ya tajiri mwenye roho nzuri. Lakini karibu nusu ya hizo dola 5 iliitwa mgawo wa faida, na ili uipate wakaguzi wa kampuni walikuja nyumbani kwako kuangalia kama nyumba ni safi, kama unakunywa, kama unaweka akiba. Watu waliacha kukimbia, ni kweli. Kazi yenyewe haikubadilika hata bolti moja.

Sasa Hawthorne, ambayo kila aliyesoma usimamizi ameisikia. Kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, kilichotengeneza vifaa vya simu (nilicheka peke yangu nilipoliona hilo). Kuanzia 1924 walijaribu taa: wakiongeza mwanga kazi inapanda, wakipunguza bado inapanda. Kisha 1927 wakawatenga wanawake wachache katika chumba kimoja, wakawapa mapumziko na siku fupi, kazi ikapanda. Elton Mayo wa Harvard akaja kueleza, na somo lililobaki vitabuni ni kwamba binadamu akionyeshwa kujaliwa, anajituma. Vitabu vingi husahau kusema kwamba namna ya kuwalipa nayo ilibadilishwa, na kwamba wawili kati yao waliondolewa 1928 kwa sababu ya maneno mengi, wakaletwa wengine.

Lakini kuna chumba kingine pale pale ambacho ndicho kilinishika koo. Novemba 1931, wanaume 14 wa kuunganisha na kuchomelea nyaya, mtazamaji amekaa kwenye kona anaandika. Kampuni ilitaka viungo 7,312 kwa siku. Wanaume wenyewe walikuwa na namba yao: karibu 6,600 kwa aina moja ya kifaa, 6,000 kwa nyingine. Ukizidisha, unaitwa jina baya na unapigwa ngumi ya begani. Ukipunguza sana, unaitwa mwizi. Ukimpelekea msimamizi umbea, umekwisha.

Watafiti waliona hilo halina mantiki, kwa sababu wangeongeza kazi wangelipwa zaidi. Wenyewe walieleza: tukiongeza, watashusha malipo au watapunguza watu. Kumbuka Marekani wakati huo ilikuwa kwenye mdororo mkubwa, na kiwanda kile kile kilikuwa kinawaachisha watu kwa maelfu. Mei 1932 chumba kikafungwa kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa imekwisha. Mimi sijui mantiki gani zaidi walitaka.

Nikisoma hapo nilimkumbuka yule jamaa wa ngazini. Nilikuwa nimempiga ngumi ya bega bila kunyoosha mkono.

Na usidhani haya ni ya wazungu na viwanda vyao. Kwetu pia kulikuwa na wadosi waliolia kwamba watu hawataki kazi, na motisha ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilikuwa kodi: huna pesa ya kodi, utaenda shamba la setla. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wakaongeza kipande, kile cha kuning'inia shingoni, ili ukitoroka kazi upatikane. Neno kibarua lenyewe, ambalo leo tunalitamka bila kulifikiria, lilitoka kwenye kikaratasi, barua ndogo, alichopewa mtu wa kazi ya siku.

Bandarini Mombasa mfumo huo wa kibarua ulikuwa na upande ambao mabwana hawakuupenda: mtu aliweza kuchagua siku. Leo anapakua meli, kesho yuko shambani kwake au kwenye shughuli nyingine. Wao waliita hiyo uzembe. Mimi naiona kama Henry Noll na kiploti chake. Kisha Januari 1947, baada ya vita vya pili na bei za vitu kupaa, karibu watu 15,000 waligoma mji mzima, wa bandari, wa reli, wa hoteli, kwa karibu wiki mbili. Chege Kibachia aliongoza chama chao, akakamatwa mwaka huo huo na kuzuiliwa mbali na pwani. Mishahara iliongezwa. Halafu katika miaka ya 1950 kazi ya bandari ikaanza kupangwa upya: orodha ya waliosajiliwa, siku za kufika zinahesabiwa, na yule wa kuchagua siku akafungiwa mlango. Mshahara bora ulikuja pamoja na kuchungwa zaidi, kama kwa Ford.

Baadaye wataalamu walirudi kwenye kazi yenyewe. Frederick Herzberg, 1959, aliwauliza wahandisi na wahasibu 203 wa Pittsburgh, akasema mshahara mbaya unakuudhi lakini kinachokuinua ni kazi yenye maana. Hackman na Oldham, miaka ya 1970, wakaandika mambo matano, moja wapo uhuru wa kuamua jinsi ya kufanya kazi yako. Volvo walijaribu kwa vitendo: 1974 wakafungua kiwanda cha Kalmar, Sweden, bila ule mstari wa kawaida, vikundi vidogo vinajipangia. Sababu? Watu walikuwa wanaacha kazi na kukosa kufika, kama kwa Ford. Mauzo yalipodorora, Kalmar kikafungwa 1994. Kile cha mstari huko Gothenburg kilibaki.

Haya yote mtu wetu wa motisha hakuyagusa. Alitufanyisha kupiga makofi.

Niliacha ile kazi mwezi wa tano. Juzi nikakutana na yule jamaa wa simu 94 stejini, bado yuko pale, sasa ndiye wa zamani. Nikamuuliza tageti imefika ngapi. Akasema 110. Nikamuuliza, na nyinyi mnapiga ngapi? Akaangalia nyuma, kama vile bado tuko ghorofa ya nne.

"Mia na kumi," akasema. "Ukipiga mia na kumi na moja, mimi ndiye nakufuata kwenye ngazi."