MZINGA WA RUFIJI NA MGONGO WA MPAGAZI

Katika Ngome ya Yesu mjini Mombasa umewekwa mzinga mmoja wa chuma uliotoka katika manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg. Wenzake wawili wako Jinja nchini Uganda, na Pretoria, Afrika Kusini. Wageni huusogelea, wakaugusa na kupigwa picha kando yake. Ni wachache wanaouliza umefikaje hapo, na ni nani waliouburura.

Königsberg ilifika Dar es Salaam mwezi Juni, 1914, miezi miwili kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliivamia manowari ya Kiingereza, Pegasus, ilipokuwa ikitengenezwa bandarini Unguja, ikaizamisha. Lakini mitambo yake yenyewe iliharibika, nayo makaa ya mawe yalikuwa haba. Ikajificha katika mikoko ya delta ya Rufiji. Vyuma vilivyoharibika vilibebwa na kuvutwa na watu kwa njia ya nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa mabega yale yale.

Waingereza waliuziba mdomo wa mto. Hatimaye walileta manowari mbili ziwezazo kupita kwenye maji mafupi, Severn na Mersey, pamoja na ndege za kuonyesha shabaha. Tarehe 11 Julai, 1915, Königsberg ilipigwa vibaya mno, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe.

Hapo ndipo kisa cha mizinga kinapoanza. Mizinga yote kumi, yenye mdomo wa milimita 105, ilitolewa katika manowari, ikapelekwa Dar es Salaam na kuundiwa magurudumu. Silaha iliyoundwa kwa ajili ya bahari sasa ilitakiwa kupanda milima na kuvuka vinamasi. Ng'ombe na punda walikufa kwa ugonjwa wa ndorobo. Basi mwanadamu akafanywa mnyama wa kukokota. Mamia ya watu walifungwa kamba kuvuta mzinga mmoja. Mmoja wa mizinga hiyo ulinguruma Kahe, karibu na Kilimanjaro, mwezi Machi, 1916. Mmoja baada ya mwingine iliharibiwa au kutekwa, lakini vita viliendelea mpaka Wajerumani walipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba, 1918.

Wahenga walisema: wapiganapo tembo nyasi huumia. Kila upande ulikusanya wapagazi, wengi wao kwa nguvu. Walibeba unga, risasi na majeruhi, huku wenyewe wakila kidogo na kulala mvuani. Kuhara, malaria na homa ya mapafu viliua wengi kuliko risasi. Hesabu za Waingereza peke yao zinataja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa katika utumishi wao. Kwa upande wa Wajerumani wengi hawakuandikwa popote. Vijijini, nafaka na mifugo ilichukuliwa, na njaa ikafuata.

Wakoloni waliwakumbuka kwa namna yao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inaonyesha askari mwenye bunduki. Ile ya Nairobi ya mwaka 1928 inamwonyesha pia mpagazi. Lakini kumbukumbu iliyoenea zaidi haikuchongwa na fundi yeyote. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wananchi wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, nalo likawa Kariakoo Dar es Salaam na Kariokor Nairobi. Maelfu hununua mchele na vitenge chini ya jina hilo kila siku, wasijue kwamba wanataja jeshi la wafu.

Mwalimu anayewafundisha vijana habari za vita hivyo asiishie kwenye majina ya majemadari na manowari. Awaulize wanafunzi wake: mzinga huu mzito ulitoka Rufiji ukafika Kahe kwa nguvu za nani? Wakishajibu, awaongoze waandike majina ya mababu wa vijiji vyao waliokwenda wasirudi, maadamu wako wazee waliosimuliwa na wazazi wao. Chuma kimehifadhiwa na kutunzwa. Majina hayo yanapungua kila mzee azikwapo.