Pevingi

Pevingi ni vitofali vya zege vinavyopangwa juu ya mchanga ili kufunika ua, njia au maegesho ya magari. Katika nyumba za Kiswahili, kama zile za zamani za Kariakoo, Dar es Salaam, ua wa nyuma hutumika kwa kupika na kufua, hivyo maji humwagika kila siku.

Mwenye nyumba anaweza kuvitandaza mwenyewe na kuokoa malipo ya fundi. Vitofali vya sentimita 20 kwa 10 huhitajika 50 kwa kila mita ya mraba. Unene wa sentimita 6 unatosha kwa watembea kwa miguu. Panapopita gari hutakiwa 8.

Kazi kubwa iko chini. Udongo laini huondolewa, kifusi au moramu hushindiliwa, kisha mchanga wa sentimita 3 hadi 5 husawazishwa kwa ubao. Hapa si mahali pa kubana matumizi: msingi usioshindiliwa vizuri hutitia wakati wa masika na kazi hurudiwa, ingawa angalau vitofali vyenyewe huweza kung'olewa na kupangwa upya. Saruji haihitajiki chini yake. Sakafu huinamishwa takriban sentimita 2 kwa kila mita, maji yaende mbali na ukuta wa nyumba. Pembeni hujengwa ukingo wa zege, la sivyo vitofali vya mwisho husogea. Mchanga mkavu hufagiliwa kwenye nafasi zilizobaki.