Ubudha Afrika Mashariki: Silsila, imani na mkono utoao

NCHIRU, katika eneo la Tigania, Kaunti ya Meru, si mahali ambapo mtu angetarajia kuanzia maelezo kuhusu dini ya Kibudha. Hapo ndipo yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Ameru. Hapo pia ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichojengwa juu ya ardhi iliyotolewa na wazee hao.

Hata hivyo, maswali matatu ambayo Wabudha wamejiuliza kwa zaidi ya miaka 2,000 si mageni kwa wenyeji wa Nchiru. Ni nani mwenye haki ya kurithi mafunzo ya waliotangulia? Je, binadamu huokoka kwa juhudi zake mwenyewe au kwa rehema? Na mwenye imani anadaiwa nini na jirani yake?

Jinsi maswali hayo yalivyojibiwa ndiyo sababu Ubudha umegawanyika katika matawi mengi. Ndiyo sababu pia dini hiyo, ambayo ina hekalu Dar es Salaam tangu karne moja iliyopita, bado haijatia mizizi mirefu miongoni mwa Waafrika.

CHIMBUKO NA MATAWI

Mwasisi wa dini hii ni Siddhartha Gautama, mwana wa jamaa ya watawala, aliyezaliwa Lumbini katika nchi ambayo leo ni Nepal. Aliacha nyumba, mke na mtoto akatafuta chanzo cha mateso ya binadamu. Wafuasi wake huamini kwamba alipata mwangaza akiwa ameketi chini ya mti huko Bodh Gaya, kaskazini mwa India, na tangu hapo akaitwa Buddha, yaani Aliyeamka.

Mti huo, ambao Wabudha huuita mbodhi, ni wa jamii moja na mugumo, mti uliotukuzwa na Ameru, Aembu na Agikuyu kwa vizazi vingi.

Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, Mfalme Ashoka wa India aliukumbatia Ubudha. Mapokeo yanasema kuwa mwanawe Mahinda aliupeleka Sri Lanka, na binti yake Sanghamitta akabeba tawi la mbodhi likapandwa Anuradhapura.

Leo kuna matawi makuu matatu. Theravada, yaani njia ya wazee, hufuatwa Sri Lanka, Burma, Thailand, Laos na Kambodia. Mahayana limeenea China, Taiwan, Korea, Japani na Vietnam. Vajrayana, ambalo wengine hulihesabu kuwa sehemu ya Mahayana, lina nguvu Tibet, Bhutan na Mongolia.

SILSILA ISIYOPASWA KUKATIKA

Kwa Mbudha wa Theravada, mtu hawi mtawa kwa kunyoa nywele na kuvaa vazi la rangi ya zafarani pekee. Ni sharti atawazwe na watawa ambao nao walitawazwa na wengine, mpaka mnyororo huo umfikie Buddha mwenyewe. Wasomaji wa pwani wataukumbuka utaratibu wa silsila katika tarika za Kiislamu, ambapo kila shehe humtaja aliyempokeza.

Kanuni za utawa, ziitwazo Vinaya, ni kali. Anayetawazwa kikamilifu awe ametimiza miaka 20. Anayemsimamia awe ameishi utawani miaka isiyopungua 10. Katika nchi zilizo mbali na bonde la mto Ganges, wanahitajika watawa wasiopungua watano ili tendo hilo liwe halali.

Hivyo basi, nchi yenye mtawa mmoja au wawili haiwezi kujizalia wengine. Ni lazima iagize watawa kutoka nje, au impeleke kijana wake ng'ambo.

Hata Sri Lanka ilionja uchungu huo. Kufikia karne ya 18, vita na uvamizi wa wageni vilikuwa vimeimaliza silsila ya kisiwa hicho. Mwaka 1753 mfalme wa Kandy alileta watawa kutoka Siam, ambayo leo ni Thailand, wakiongozwa na Upali, wakawatawaza wenyeji upya.

Lakini kundi lililotokana na tendo hilo lilifungua mlango kwa watu wa tabaka moja la juu pekee. Waliokataliwa hawakukubali kushindwa. Walisafiri hadi Burma, wakatawazwa huko, na mwaka 1803 wakarejea kuanzisha kundi lao la Amarapura.

Kwa upande wa wanawake hali ilikuwa mbaya zaidi. Silsila ya watawa wa kike katika Theravada ilitoweka takriban karne ya 11. Juhudi za kuifufua zilianza mwaka 1996 kwa msaada wa watawa wa kike wa Asia Mashariki, na hadi leo baadhi ya wakuu wa dini hiyo hawaitambui.

BAKULI LA SADAKA

Silsila pekee haitoshi. Mtawa wa Theravada haruhusiwi kulima, kuweka akiba ya chakula wala kula baada ya saa sita mchana, na kanuni zinamkataza kupokea fedha. Kila asubuhi maisha yake yamo mikononi mwa majirani wanaotia chakula katika bakuli lake.

Haombi kwa maneno. Husimama kimya, hupokea alichopewa, huondoka. Anayetoa huamini kwamba amejipatia thawabu, na kwa kurudisha, mtawa humpa mafunzo. Utoaji huo, uitwao dana, ndio adili la kwanza ambalo muumini wa kawaida hufundishwa, hata kabla ya kufundishwa kutafakari.

Kwa maneno mengine, hisani katika Ubudha si tawi lililoota baadaye. Ni mzizi. Pasipo mtoaji, hapana mtawa. Na pasipo mtawa, silsila hukatika.

KARNE MOJA DAR ES SALAAM

Ubudha ulifika Afrika Mashariki na Wasinhala kutoka Ceylon, jina la zamani la Sri Lanka, waliokuja kufanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20. Waliunda jumuiya yao Dar es Salaam, wakapata kiwanja Upanga, na karibu mwaka 1920 wakaanzisha hekalu ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza barani Afrika. Mbodhi ulipandwa katika uwanja wake.

Hekalu hilo lilikuwa mahali pa ibada, lakini pia mahali pa kukutania watu waliokuwa mbali na kwao. Wahudumu walikuwa watawa kutoka Sri Lanka. Watoaji walikuwa familia za Wasinhala. Mnyororo ulikuwa kamili, ila wote waliokuwamo ndani yake walikuwa wageni.

Baada ya uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 wengi wa Wasinhala walihama, na idadi ya waumini ikapungua sana. Hekalu lilibaki, na hadi karne hii limeendelea kuhudumiwa na watawa kutoka Sri Lanka. Nairobi nayo ina hekalu la tawi hilo la Theravada.

Hapa Kenya sheria si kikwazo. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna dini ya taifa, nacho Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani. Kikwazo kiko kwingine: ni nani hapa atakayeirithi silsila, na ni nani atakayeilisha?

MGANDA ALIYEREJEA NA BAKULI

Jibu mojawapo lilitoka Uganda. Steven Kaboggoza, aliyezaliwa mwaka 1966, alikwenda India kwa masomo mwaka 1990, na huko akakutana na watawa wa Kibudha. Baada ya miaka mingi ya kujifunza katika nchi mbalimbali, alitawazwa mwaka 2002 huko California, Marekani, chini ya mwalimu wa Kiburma, Sayadaw U Silananda. Akapewa jina la Buddharakkhita.

Mwaka 2005 alianzisha Kituo cha Ubudha cha Uganda huko Garuga, karibu na Entebbe, kando ya Ziwa Victoria. Msomaji aone safari ya silsila hiyo: kutoka India hadi Burma, kutoka Burma hadi Marekani, na kutoka Marekani hadi Uganda.

Mtawa huyo amesimulia kwamba Waganda waliomwona na bakuli lake walidhani ni ngoma. Kisa hicho huchekesha, lakini kina uzito wake. Mahali ambapo watu hawajui bakuli ni la nini, hakuna atakayetia chakula ndani yake, na mtawa hawezi kuishi kama kanuni zinavyotaka.

Kwa hiyo ilimbidi kuanza na watu aliokuwa nao karibu. Mama yake mzazi alimuunga mkono, na baadaye naye akajiunga na maisha ya utawa. Utoaji ulihitaji pia kutiririka upande wa pili, na kituo hicho kikajitwika huduma kwa majirani, ikiwemo maji ya kisima.

WANAOTEGEMEA REHEMA

Si Wabudha wote wanaobeba mzigo huo wa watawa watano. Katika tawi la Mahayana kuna mapokeo yanayomhusu Buddha Amitabha, Buddha wa Nuru Isiyo na Mwisho. Maandiko yao yanasema kuwa aliweka nadhiri 48, na ya 18 kati ya hizo inaahidi kuwa wanaomwamini na kulitaja jina lake watazaliwa upya katika Nchi Safi.

Nchini Japani, Honen (1133-1212) alifundisha kuwa katika zama za uovu kulitaja jina hilo kunatosha. Mwanafunzi wake Shinran (1173-1263) alikwenda mbali zaidi. Alioa, akasema yeye si mtawa wala si mlei, akasisitiza kwamba hata imani yenyewe ni zawadi ya Amitabha, wala si kazi ya mwanadamu. Kutokana naye kulizuka madhehebu ya Jodo Shinshu.

Wamisionari Wajesuiti waliofika Japani katika karne ya 16 waliyaona mafunzo hayo yakifanana na ya Martin Luther. Msomaji wa Meru, ambako Wamethodisti walifika mwaka 1912, naye ataitambua hoja hiyo ya neema.

Imani ya namna hii ni nyepesi kusafiri. Haihitaji bakuli wala baraza la watawa. Mkulima au mama aliye jikoni anaweza kulitaja jina huku akiendelea na kazi yake.

HISANI NA MASWALI YAKE

Karne ya 20 ilizaa mashirika ya hisani ya Kibudha yenye wafuasi wa kawaida wengi kuliko watawa. Mwaka 1966, huko Hualien, Taiwan, mtawa wa kike Cheng Yen alianzisha shirika la Tzu Chi. Wafuasi wake wa kwanza walikuwa akina mama 30 wa nyumbani, kila mmoja akitia senti 50 kwa siku katika kopo la mwanzi. Akina mama wa vyama vya hapa kwetu hawahitaji kuelezwa jinsi senti chache za kila siku zinavyoweza kufanya jambo kubwa.

Huko Durban, Afrika Kusini, wafuasi wa shirika hilo waliwafundisha wanawake wa Kizulu ushonaji. Wanawake hao hawakubaki wapokeaji. Wao wenyewe waligeuka watoaji, wakawahudumia wagonjwa wa Ukimwi na mayatima.

Mfano wa pili una utata. Mtawa Hui Li kutoka Taiwan alianzisha nchini Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kituo cha mayatima kiitwacho Amitofo, jina ambalo ni la Amitabha kwa Kichina. Baadaye vituo vingine vilifunguliwa katika nchi kadhaa za kusini mwa Afrika. Watoto hupewa chakula, malazi na elimu, na pia hufundishwa Kichina, mapigano ya kung fu na ibada za Kibudha.

Filamu ya mwaka 2019, Buddha in Africa, yake Nicole Schafer wa Afrika Kusini, ilimfuata mvulana mmoja wa kituo hicho aliyekuwa njia panda kati ya masomo ya ng'ambo na utamaduni wa kwao. Swali lake si geni hapa Meru, ambako shule na hospitali nyingi zilikuja pamoja na kanisa: mtoto anapolishwa na kusomeshwa, je, ana uhuru wa kuikataa imani ya anayemlisha?

FUNZO KWA NCHIRU

Ameru nao walikuwa na silsila yao. Mugwe, kiongozi wa kidini aliyewabariki watu kwa mkono wa kushoto, alirithi cheo chake katika ukoo maalumu. Bernardo Bernardi, padri wa shirika la Consolata aliyechapisha kitabu kuhusu cheo hicho mwaka 1959, alimwita nabii anayefifia. Watu walikuwa wameelekea makanisani na shuleni, na baraka za Mugwe zikakosa wa kuzipokea.

Njuri Ncheke, kwa upande wake, ingalipo. Zipo sababu nyingi, lakini mojawapo iko wazi kwa kila anayepita Nchiru: wazee hao walitoa. Ardhi waliyoitenga kwa ajili ya elimu imewapa vijana wasiohesabika sababu ya kulikumbuka jina la baraza hilo.

Historia ya Ubudha katika eneo hili inatoa ushahidi uo huo. Hekalu la Upanga lilikuwa na silsila halali na mbodhi wake, lakini waliolilisha walipohama, lilibaki na wachache. Kituo cha Garuga kilianza na Mganda mmoja na mama yake, kikachimba kisima. Imani yoyote, iwe ya mugumo au ya mbodhi, hudumu pale wenyeji wanapokuwa warithi wake na watoaji wake kwa wakati mmoja.