Erasto Nyoni na Hatima ya Mchezaji Asiye na Mbwembwe

Mfungaji wa mabao hujitangaza mwenyewe. Hata timu yake ikishuka daraja, idadi ya mabao yake hubaki kuwa shahidi. Beki anayejua pa kusimama, au kiungo anayeukata mpira na kumpa mwenzake bila mbwembwe, hana shahidi wa namna hiyo. Shahidi wake ni kombe la timu. Timu isipofanikiwa, kazi yake husahaulika, hata kama aliifanya kwa ukamilifu.

Mfano ulio karibu nasi watu wa Lindi ni Erasto Nyoni, ambaye mwaka 2023 alijiunga na Namungo ya Ruangwa. Kwa miaka mingi Watanzania wamemwita kiraka, kwa kuwa amecheza beki wa pembeni, beki wa kati na kiungo, kila mara akiziba pengo la mwingine. Jina hilo ni la sifa, lakini lina ukweli mchungu ndani yake: anayevaa nguo husifiwa kwa nguo, si kwa kiraka.

Tutazame matukio mawili. Juni 2007, katika kuwania kufuzu fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2008, Taifa Stars chini ya kocha Marcio Maximo iliifunga Burkina Faso bao 1-0 mjini Ouagadougou. Mfungaji alikuwa Nyoni, wakati huo akiwa bado kijana mdogo. Kushinda ugenini Afrika Magharibi si jambo jepesi. Hata hivyo, Septemba mwaka huohuo Stars ilifungwa 1-0 na Msumbiji jijini Dar es Salaam, safari ikaishia hapo, na bao la Ouagadougou likazama pamoja na matumaini yale.

Machi 24, 2019, Stars iliifunga Uganda 3-0 katika Uwanja wa Taifa. Mabao yalifungwa na Simon Msuva, Nyoni kwa mkwaju wa penalti, na Aggrey Morris. Tanzania ikafuzu fainali hizo kwa mara ya kwanza tangu zile za Lagos mwaka 1980. Bao la penalti katika uwanja wa nyumbani likawa sehemu ya historia ya taifa, ilhali lile la ugenini limebaki kwa wachache wenye kumbukumbu. Kilichotofautisha mabao hayo ni mahali timu ilipofika baada yake.

Ndivyo ilivyokuwa hata katika klabu. Akiwa Azam, Nyoni alikuwa miongoni mwa waliotwaa ubingwa wa Ligi Kuu msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Alipohamia Simba mwaka 2017, klabu hiyo ilichukua ubingwa misimu minne mfululizo na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, ikiwemo misimu ya 2018/19 na 2020/21. Hapo ndipo utulivu wake ulipoanza kuitwa uzoefu. Utulivu uleule, katika timu inayofungwa kila wiki, ungeitwa uzembe.

Jambo hili si letu peke yetu. N'Golo Kanté alipokuwa Caen ya Ufaransa, walimwengu wengi hawakumjua. Alihamia Leicester City mwaka 2015, timu ikatwaa ubingwa wa Uingereza, na ghafla kila mchambuzi akagundua thamani ya mtu anayekimbia sana na kusema kidogo.

Kuna mtu atakayeuliza: je, si wachezaji kama hao ndio wanaoleta mafanikio? Bila shaka wanachangia, na kocha mwenye macho huwajua mapema. Lakini mchango wa mtu mmoja hautoshi kueleza kombe, kama ambavyo kukosa kombe hakutoshi kueleza udhaifu wake. Umma huchanganya mambo haya mawili, na waandishi wa historia ya michezo hurithi kosa hilo.

Kwa Lindi, suala hili lina uzito wa pekee. Namungo ilipofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, ilitufungulia mlango wa kukumbukwa. Kabla yake, wapo mabeki na viungo waliozichezea timu kama Kariakoo ya Lindi ambao wazee wa Rasbura na mitaa ya jirani bado wanawataja kwa majina. Timu zao hazikuwaachia kombe la kuwashuhudia. Wazee hao wakiondoka, wachezaji hao wataondoka nao.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwanahistoria wa michezo katika mkoa huu ni kukaa na wazee hao, kuandika nani alicheza wapi, mwaka gani, na kwa namna gani. Orodha ya mabingwa tunayo tayari. Tusichonacho ni maelezo ya kazi iliyofanywa vizuri na watu ambao timu zao hazikushinda.